Mjukuu na babu mwenye punje za mionzi
Dada, umeuliza kama mzee aliyewekewa punje za mionzi (vipande vidogo sana vya kutibu saratani) kwenye tezi dume huko India, sasa karudi Moshi, anaweza kumpakata mjukuu. Kula naye meza moja, kumpa mkono, hakuna neno. Kumpakata kwa muda mrefu ndiyo asubiri kama miezi 2, na mjamzito asimkalie karibu sana. Iodini-125, yaani kitu chenye mionzi kilicho ndani ya punje hizo, hupungua nguvu nusu kila siku 60 hivi. Punje zenyewe hubaki humo maisha. Ikitoka moja kwenye mkojo (hutokea mara chache), asiishike kwa vidole, achukue kibanio. Mkojo kuwasha wiki za mwanzo ni kawaida. Ukigoma kabisa, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali ya KCMC.