Maswali na majibu: Atemwe au abaki, hesabu inasemaje?

Kila Februari, fainali ya Super Bowl ikishapita, maswali mnayoniletea kuhusu NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, hubadilika. Hakuna tena anayeuliza nani alirusha vizuri. Wote mnataka kujua nani atemwe na timu itaokoa kiasi gani. Nimechagua machache. Mengine yananirudia mwaka hadi mwaka, kwa hiyo safari hii nayajibu kwa namba. Mkumbuke tu: ligi huwekea kila timu kikomo cha fedha za wachezaji kwa msimu, na kila mchezaji anahesabiwa sehemu yake ndani ya kikomo hicho.

"Mlinzi wetu anahesabiwa dola milioni 25 na uwanjani haonekani. Kwa nini wasimteme leo wapate milioni 25 za kusajili wengine?" Msomaji, Houston

Kwa sababu hizo milioni 25 hazipo. Tuchukue mchezaji aliyesaini miaka 5 akapewa dola milioni 50 za kusaini. Yeye alizipata mkononi, lakini vitabu vya ligi vinazigawa kwa miaka yote mitano, milioni 10 kila mwaka. Sasa yuko mwaka wa tatu na mshahara wake ni milioni 15. Jumla anahesabiwa 25, kama huyu wako.

Mteme Machi uone. Mshahara wa milioni 15 unafutika, ikiwa haukuwekewa dhamana, yaani ahadi kwamba utalipwa hata akitemwa. Lakini milioni 10 za mwaka huu, 10 za mwaka ujao na 10 za mwaka wa mwisho zinaangukia zote mwaka huu: milioni 30. Akibaki anahesabiwa 25, akiondoka anahesabiwa 30. Umepoteza nafasi ya milioni 5 chini ya kikomo, na mchezaji huna. Hiyo 30 ndiyo pesa mfu: inahesabiwa kwa mtu ambaye hayupo tena.

Sisemi asitemwe. Nasema uliza swali sahihi. Zile milioni 30 zilishalipwa siku ile aliyoshika kalamu. Akibaki zitaandikwa, akiondoka zitaandikwa, tofauti ni mwaka gani. Kinachoamuliwa leo ni mshahara wa milioni 15 na ile inayofuata. Je, kwa umri wake, magoti yake na alivyocheza msimu uliopita, kuna timu nyingine ingempa milioni 15? Kama ipo, mbakize hata kama amekuudhi. Kama haipo, aende, na wala asibakizwe kwa sababu "tumeshamlipa nyingi mno". Sentensi hiyo imeharibu timu nyingi kuliko majeruhi, na bado naisikia kila mwaka kutoka kwa watu wazima.

"Kikomo chenyewe ni kiasi gani?" Msomaji, Arusha

Msimu wa 2025 kilikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu. Kilipoanza mwaka 1994 kilikuwa milioni 34.6. Na asikudanganye mtu kwamba hupanda tu: baada ya korona kilishuka kutoka 198.2 mwaka 2020 hadi 182.5 mwaka 2021, na timu zilizokuwa zimekopa kwa matumaini ya kupanda zikalazimika kuwaacha wachezaji wazuri.

"Denver walimtema Russell Wilson wakabaki na deni la milioni 85. Huo si ujinga wa mwaka?" Msomaji, Denver

Ujinga upo, ila wewe umeukosea tarehe. Wengi mnautafuta Machi 2024 alipotemwa. Mimi nauona Septemba 2022, pale Denver Broncos walipomwongezea mrushaji huyo mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 240 kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi akiwa na jezi yao. Alikuwa na miaka miwili imebaki kwenye mkataba aliotoka nao Seattle. Hapakuwa na moto wowote wa kuzima. Wangeweza kumtazama msimu mzima kwanza.

Sasa njoo Machi 2024. Mshahara wake wa mwaka ule, dola milioni 39, ulikuwa na dhamana. Abaki, aondoke, unalipwa. Lakini kulikuwa na kitu kingine: milioni 37 za mwaka 2025 zilikuwa karibu kupata dhamana kamili siku ya tano ya mwaka mpya wa ligi, mwezi uleule wa Machi. Kumbakiza wiki moja zaidi kungewafunga kwa milioni 37 nyingine kwa mchezaji ambaye kocha alikuwa ameshamweka benchi mechi mbili za mwisho. Wakamtema, wakaigawa ile 85 mara mbili: milioni 53 mwaka 2024 na 32 mwaka 2025. Pittsburgh wakamchukua kwa dola milioni 1.21 tu, mshahara wa chini kabisa kwa mkongwe, na Denver wakalipa kilichobaki.

Kilichofuata mnakijua. Aprili wakamchagua mrushaji Bo Nix kwenye drafti, zoezi la timu kuchagua chipukizi wa vyuo kwa zamu, nafasi ya 12, akacheza kwa mkataba mdogo wa chipukizi, na timu iliyobeba pesa mfu kubwa kuliko zote za mchezaji mmoja hadi wakati ule ikashinda mechi 10, ikapoteza 7, ikaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu ilipotwaa Super Bowl ya 50. Siwasifu kwa kutumia fedha vile. Nawasifu kwa kukubali hasara iliyokwisha kutokea badala ya kuiongezea nyingine juu yake. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu aliyesaini mkataba ndiye yuleyule anayetakiwa kukiri kwamba mkataba haukufaa.

Jambo moja katika sakata lile halikunipendeza, nalo ni lile benchi. Wilson alisema hadharani kwamba katikati ya msimu aliambiwa akubali kubadilisha kipengele cha dhamana ya majeraha, la sivyo atawekwa benchi. Timu ikikupa dhamana, ikupe kweli.

"Wakimuuza badala ya kumtema, si mzigo unahamia kwa mnunuzi?" Msomaji, Kigali

Hapana. Mshahara unahama, bonasi iliyokwisha lipwa inabaki kwa muuzaji. Atlanta walimpeleka mrushaji wao Matt Ryan Indianapolis Machi 2022 na wakabaki na dola milioni 40.5 vitabuni mwao za mtu anayevaa jezi ya wengine.

"Kama ukimtema baada ya tarehe 1 Juni hasara inagawanyika miaka miwili, kwa nini wasifanye hivyo kwa kila mchezaji?" Msomaji, Minneapolis

Swali zuri. Kwenye mfano wetu wa juu, ukimtema baada ya 1 Juni, mwaka huu anahesabiwa milioni 10 tu na mwaka ujao 20. Ghafla umepata nafasi ya milioni 15, na gazeti litaandika kwamba meneja ni fundi.

Lakini kuna masharti. Unaruhusiwa kumtema mchezaji Machi ukamwandika kama wa Juni, ila ni wachezaji wawili tu kwa mwaka. Pili, nafasi hiyo huipati mpaka Juni ifike, na mpaka hapo kikomo kinamhesabu kana kwamba bado yuko. Juni sokoni kumebaki nini? Wachezaji wazuri walishasajiliwa Machi, drafti ilikwisha Aprili. Nafasi ya Juni hulipa chipukizi na kuziba mapengo ya majeruhi, au husogezwa msimu unaofuata, kwani ligi inaruhusu nafasi isiyotumika kuhamishwa.

Na zile milioni 20 za mwaka ujao hazijaenda popote. New York Jets walipoachana na mrushaji wao Aaron Rodgers mwaka 2025 walibaki na milioni 49, wakazigawa kwa mtindo huu: 14 mwaka 2025, 35 mwaka 2026. Kocha mpya na meneja mpya wakawaza msimu wao wa pili huku milioni 35 tayari zimeliwa. Penye sababu, nagawanya. Pasipo sababu, nalipa yote mwaka mmoja mbaya na kuanza ukurasa safi.

"Kwa nini New Orleans kila mwaka wamezidi kikomo na kila mwaka wanajikwamua? Kikomo hiki si cha kweli." Msomaji, Dallas

Kikomo ni cha kweli. Kinachokudanganya ni kwamba malipo yanasogezwa. Chukua mshahara wa milioni 15, geuza 12 kuwa bonasi na uigawe miaka minne iliyobaki: mwaka huu unahesabu 3 badala ya 12, umepata 9. Safi. Lakini umeongeza milioni 3 kwa kila mwaka wa miaka mitatu ijayo, na bei ya kumtema imepanda kwa kiasi kilekile. Rudia kwa wachezaji kumi, ongeza na miaka ya bandia mwishoni mwa mikataba, miaka ambayo hakuna anayetarajia kuicheza, iliyowekwa tu ili bonasi igawanyike zaidi. Ni sawa na mama anayekopa kikoba kimoja kulipa kingine: kila mwezi anaonekana amelipa, na kila mwezi deni limekua.

Ubaya mkubwa ni kwamba njia hii inakunyima uamuzi. Mchezaji uliyemgeuzia mshahara mara tatu huwezi kumwacha hata akizeeka mbele ya macho yako, kwa sababu wewe mwenyewe umepandisha bei ya mlango wa kutokea. Mrushaji wao Derek Carr alistaafu Mei 2025 kwa sababu ya bega, wiki chache tu baada ya New Orleans kupanga upya mkataba wake Machi. Bonasi za nyuma, alizokwisha pokea, zikabaki vitabuni mwa timu isiyo naye tena. Ukimgeuzia mshahara mchezaji wa miaka 25 aliye kwenye ubora wake, sina neno. Wa miaka 34, nina maneno mengi.

"Huyo Carr si ndiye aliyesaini milioni 121.5 na Raiders? Fedha hizo zilikwenda wapi?" Msomaji, Muscat

Hazikwenda popote, kwa sababu hazikuwapo. Mkataba ule wa Aprili 2022 ulitangazwa kuwa wa miaka mitatu na dola milioni 121.5. Lakini dola milioni 40.4 zilikuwa zipate dhamana 15 Februari 2023. Raiders, timu yake ya kabla ya New Orleans, wakamtema tarehe 14. Pesa mfu kwao: milioni 5.6 tu. Msimu mmoja, kwisha.

Ndiyo maana nawasihi, mkiona kichwa cha habari chenye mamia ya mamilioni, tafuteni mambo mawili kabla ya kushangilia au kulaani: kiasi gani kina dhamana siku ya kusaini, na tarehe zipi nyingine zinaongeza dhamana. Mengine ni mapambo ambayo wakala huyataka ili aonekane hodari.

"Barcelona na Messi mwaka 2021, si hadithi ileile?" Msomaji, Mombasa

Si ileile. Kikomo cha NFL ni kimoja kwa timu zote. Cha La Liga hupimwa kwa mapato na madeni ya kila klabu, kwa hiyo Barcelona walibanwa na mifuko yao wenyewe. Tena Messi hakutemwa: mkataba wake uliisha 30 Juni, na Agosti klabu ikashindwa kumwandikisha upya. Joan Laporta, rais wa klabu, alisema kwamba pamoja naye mishahara ingefika asilimia 110 ya mapato.

Ila umenipa nafasi ya kusema jambo. Katika soka, kanuni za FIFA zinataka klabu inayovunja mkataba bila sababu ya haki ilipe fidia, na kipimo cha kawaida ni mshahara uliobaki, ukipunguzwa kile anachopata kwenye klabu mpya. Mchezaji ana ulinzi ambao mwenzake wa NFL hana. Na bado vilabu vyetu vya Tanzania hutema wachezaji wa kigeni kila dirisha kana kwamba mkataba ni karatasi ya kufungia maandazi, kisha vinashangaa FIFA inapovifungia kusajili. Hakuna uonevu hapo. Ukisaini miaka miwili, una deni la miaka miwili. Kabla ya picha ya utambulisho na maji ya kumwagiana, mtu mmoja ofisini akae na kalamu ahesabu gharama ya kuachana naye baada ya miezi sita.

"Mchezaji akiumia wanaweza kumtema bila kumlipa?" Msomaji, Bujumbura

Akiumia kazini, hapana: hulipwa msimu ule au hupatana nao kiasi fulani. Misimu ijayo ni habari nyingine, na hapo ndipo dhamana ya majeraha inapookoa familia.

"Mchezaji anayekataa kupunguziwa mshahara ili timu ipumue, huo si uroho?" Msomaji, Nairobi

Si uroho. Timu ina haki ya kumfukuza Machi yoyote ile na kufuta mshahara wote usio na dhamana, na haijawahi kuitwa roho mbaya kwa hilo. Tena hufanya haraka kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, kwa kuwa mkongwe mwenye misimu minne na kuendelea akiwa kikosini siku hiyo ana haki ya kudai mshahara wake wa mwaka mzima. Mtu ambaye wastani wa kazi yake ni mfupi na mwili wake ndio mtaji anapoulizwa "utusaidie milioni 6", jibu lake linategemea swali moja: akikataa na kutemwa, nani mwingine atampa zaidi? Kama yupo, akatae. Kama hayupo, akubali, lakini adai sehemu iliyobaki iwekewe dhamana.

"Kijana wetu anacheza chuo kikuu hapa Ohio. Wakala anasema tusihangaike na bonasi, tutazame mshahara. Ni kweli?" Mzazi, Columbus

Mzazi wangu, achana na wakala huyo, au angalau mwulize kwa nini.

Mmesoma hesabu zote hapo juu. Kinachofanya timu isite kumtema mtu ni fedha iliyokwisha kutoka mkononi mwake. Mchezaji asiye na bonasi ya maana hutemwa Agosti bila meneja kufungua kikokotoo, maana hakuna pesa mfu ya kumuuma. Chipukizi wa drafti hana pa kujadiliana sana, kwani mikataba yao imepangwa kwa nafasi waliyochaguliwa. Asipochaguliwa na timu kadhaa zikampigia simu, hapo ndipo bonasi hata ya dola elfu chache inaonyesha nani anamtaka kweli na nani anatafuta mwili wa mazoezini.

Hakikisheni wakala ameidhinishwa na chama cha wachezaji, NFLPA, na kwamba hachukui zaidi ya asilimia 3 ya mkataba, ambayo ndiyo ya juu inayoruhusiwa. Msisaini kitu chochote cha "kumkopesha" kijana fedha kabla ya drafti. Na akipata hiyo bonasi, ndugu wa Ohio na wa nyumbani wasubiri kidogo kabla ya kuanza kuleta bajeti za nyumba na harusi. Mpaka aanze msimu wa pili, hana kazi ya uhakika.