Picha ikiwa na chenga, rudi nyuma

Zamu ya usiku, nikitazama kamera za ghala, nilipitwa na mtu mzima aliyekuwa mbele ya macho yangu. Alichuchumaa kando ya magunia, amevaa sweta la kijivu. Niligandisha rekodi, nikaivuta picha hadi ikajaa kioo kizima, nikasogeza uso karibu. Nikaona chenga tupu, kama ufuta uliomwagwa kwenye unga. Mwenzangu, amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akauliza, "Yule ni nani kachuchumaa pale?"

Kwa muda mrefu niliamini macho yake ni makali kuliko yangu. Kumbe ni umbali. Gizani kamera hupata mwanga kidogo, ikaikuza ishara hafifu, na chenga zikakua nayo. Ukisogea karibu, jicho linashughulika na nukta mojamoja. Ukiwa mbali nukta jirani huchanganyika, inayong'aa mno ikafidiwa na iliyofifia, umbo kubwa likabaki. Mwanafizikia wa Marekani Albert Rose alikadiria mwaka 1948 kwamba ili tukione kitu kwa uhakika, lazima kizizidi chenga kwa takriban mara 5.

Kwa hiyo wewe uliyefunga kamera dukani au nyumbani, usikimbilie kuvuta picha. Ipunguze, au inuka kitini urudi hatua chache. Na usiigandishe mapema, iache itembee. Rekodi ni picha nyingi zinazofuatana haraka: chenga hubadilika kila picha, mtu aliyetulia habadiliki, na jicho lenyewe huzijumlisha picha hizo. Hesabu yake ni hii: ukijumlisha picha 4 zinazofuatana na kutafuta wastani, chenga hupungua kwa nusu, kufika robo unahitaji 16. Programu za kulainisha picha nazitumia kwa hofu, maana zinafuta chenga pamoja na kamba nyembamba au kisu mkononi. Tunza rekodi ya asili.

Chenga pia huzaa watu wasiokuwepo. Niliwahi kumtuma mlinzi wa geti saa tisa usiku, akamulika tochi ukuta mtupu. Kabla hujamtaja mtu kwa jina, hakikisha umbo lile lipo kwenye picha zinazofuata pia. Jina la mtu likishatajwa kwa wizi, halisafishiki kirahisi.

Baadaye niliomba taa ifungwe juu ya yale magunia. Usiku ilipowaka, niliona hadi mishono yake.