Riwaya ya ubaguzi wa rangi kwa kidato cha pili

Mwalimu mwenzangu wa Kigoma, umeuliza namna ya kuwasomesha vijana riwaya inayohusu ubaguzi wa rangi Marekani bila kuwapandikizia chuki. Mimi nafundisha Tabora, na ninakushauri utumie Roll of Thunder, Hear My Cry ya Mildred D. Taylor, iliyochapishwa mwaka 1976, ambayo msimulizi wake, Cassie, ni binti wa wakulima Weusi wa Mississippi mwaka 1933.

Usianze kwa hotuba. Wasomee sura ya kwanza polepole, hadi pale mdogo wake Cassie, mwenye miaka 6, anapokabidhiwa kitabu chakavu chenye jedwali linaloonyesha kwamba kilitumiwa na watoto Wazungu mwaka baada ya mwaka, na kwamba kilipoharibika kabisa ndipo kikapewa mtoto Mweusi. Anakitupa chini na kukikanyaga, na mwalimu wake, ambaye naye ni Mweusi, anamchapa. Waulize kwa nini mwalimu huyo hakuliona tusi lile, kisha uwape nafasi ya kubishana. Kwangu mjadala huo ulimaliza vipindi viwili, wala sikujuta.

Baadaye waeleze kwamba hata Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja peke yake. Misafara ya watumwa ya Ujiji iguse kwa uangalifu, na usimlazimishe mwanafunzi yeyote kueleza asili ya ukoo wake mbele ya wenzake.