Kuhusu ile rotten borough uliyoniuliza

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata, huku wote wazima, mama yako anakusalimu. Umeuliza rotten borough ni kitu gani maana mwalimu wako kalitaja darasani afu akapita zake. Ni jimbo lililooza, yani mji wa zamani kule Uingereza ambao watu walishahama lakini bado unapeleka wabunge London kama kawaida.

Chukua Old Sarum. Ni kilima tu karibu na Salisbury, wenyeji walishashuka bondeni toka karne ya 13, juu pakabaki magofu na majani, na hicho kilima kina wabunge wawili mpaka 1832! Saa hiyo Manchester na viwanda vyake vyote haina hata mmoja wa kwake. Sasa nani anapiga kura kilimani hapana mtu? Hapo ndo penyewe, kura ilikuwa ya kiwanja, ukimiliki vile viwanja vya zamani una kura hata kama unaishi mbali huko, kwa hiyo tajiri akivinunua kanunua na wabunge humo humo, siku ya uchaguzi anawaandikisha watu wake kama wenye viwanja, wanakuja wanasimama chini ya mti, wanamtaja anayemtaka yeye, wanaondoka. Na ni halali kabisa kisheria. Familia ya Pitt walipanunua hapo kwa utajiri wa biashara ya India, na William Pitt akaingilia bungeni hapo hapo 1735, baadae akawa waziri mkuu. Dunwich nao, mji wa pwani, bahari iliumeza mtaa kwa mtaa ila viti vyake viwili havikuzama ng'o.

Waliokuwa wanatetea walisema bila viti hivyo vijana wenye akili kama Pitt wangeingiaje bungeni. Mimi hoja hiyo hainiingii, maana tajiri akimchoka huyo kijana si anamtoa tu.

1831 mabwana wa bunge la juu wakagomea muswada wa mageuzi, Bristol watu wakachoma majengo, mwaka uliofuata sheria ikapita na majimbo 56 yakafutwa. Ila usije ukaandika kwenye insha kwamba hapo mambo yalinyooka. Kura ya siri imekuja 1872, kabla ya hapo unamtaja mgombea wako kwa sauti na mwenye nyumba wako kasimama pale anasikia.

Siku hizi wakilitumia neno rotten borough wanamaanisha halmashauri iliyojaa ufisadi, kule Uingereza jarida la Private Eye lina safu kabisa ya jina hilo.

Insha nitumie kabla hujaikabidhi, na hela ya kodi natuma Ijumaa.

Baba