Sindano ya kwenye titi haisambazi saratani

Dada uliyeuliza kama kuchomwa sindano kwenye uvimbe wa titi kunasambaza saratani: hapana, hayo ni maneno ya vijiweni. Ultrasaundi na mamogramu (eksirei ya titi) huonyesha picha tu. Jibu lenyewe, kama ni saratani au la, hutoka kwenye kinyama kinachochukuliwa kwa sindano nene, ukishapigwa ganzi, kikapelekwa maabara.

Wakikuta saratani, uliza kama wamepima vipokezi vya homoni (sehemu za seli za saratani zinazopokea homoni) na HER2 (protini inayoweza kuichochea saratani ikue). Tiba inafuata hapo: wenye vipokezi vya homoni wengi hupewa tamoksifeni, kidonge cha kila siku, miaka 5 au zaidi, wenye HER2 nyingi wana dawa yao inayoilenga, trastuzumabu (bei yake, mh!). Na si lazima titi lote liondolewe. Uvimbe ukiwa mdogo unaweza kutolewa wenyewe, kisha mionzi, kama inayotolewa pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar.