Sri Lanka: hospitali za serikali si za Wabudha peke yao

Unauliza kama asiye Mbudha anakataliwa hospitali ya serikali Sri Lanka? Hapana ndugu, dini haikuzuii kutibiwa huko. Katiba ya 1978 inaupa Ubudha nafasi ya kwanza, kweli, lakini matibabu na shule za serikali ni bure kwa wote. Tatizo ni unaishi wapi na unaongea lugha gani. Jaffna, kaskazini, wengi ni Watamil Wahindu. Ampara, mashariki, Waislamu ni wengi. Kitamil ni lugha rasmi tangu 1987, ila mtu bado anaweza kuletewa barua ya ofisi kwa Kisinhala kitupu, lugha ya walio wengi nchini, aanze kutafuta wa kumsomea. Walioachwa nyuma hasa ni wachuma chai wa Nuwara Eliya, milimani katikati ya nchi: wengi wangali kwenye vyumba vidogo vilivyojengwa kwa mstari mmoja enzi za Mwingereza.