Jibu: Neo Geo MVS inagoma kwenye skrini ya kijani

Mkuu, salama? Nimekuelewa hivi: ubao wako wa Neo Geo MVS (ubao wa mashine za michezo ya video za kumbini) wa sloti moja, yaani unaochukua katriji moja ya mchezo, uliougeuza uchezee sebuleni kwenye TV, ulikaa miezi bila kuguswa. Sasa ukiwasha unaishia kwenye skrini ya kijani yenye maneno BACKUP RAM ERROR, yaani hitilafu ya kumbukumbu inayohifadhi alama na mipangilio. Katriji usiilaumu bado.

Anza na betri. Chomoa umeme, kagua ubao: bodi nyingi za aina hii zina betri ya kuchaji ya volti 3.6 iliyolehemiwa palepale. Ikizeeka huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba zinazokwenda kwenye kumbukumbu hiyo. Ukiona unga wa kijani au mweupe, ing'oe leo hii, usingoje wikiendi. Michezo inachezeka bila betri, utakachokosa ni alama za juu na mipangilio kuhifadhiwa.

Yangu ilikuwa hivyohivyo. Nilisugua kwa siki na mswaki mlaini, nikafuta kwa spiriti, nikaiacha ikauke siku nzima. Kisha nikapima kila njia ya shaba kwa mita ya umeme (multimeter). Moja ilikuwa imekatika, nikaiunga kwa waya mwembamba, ikaamka.

Pima pia volti 5 zinazoendesha ubao, lakini pimia kwenye ubao wenyewe, si kwenye adapta, maana waya mwembamba hupunguza umeme njiani.

Isipoamka, chini ya maneno hayo kuna namba za ADDRESS, WRITE na READ (mahali kwenye kumbukumbu, kilichoandikwa na kilichosomwa). Zipige picha uziweke hapa, pamoja na picha ya eneo la betri.